Pikipiki ya Taa Moja

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mke wangu alininunia wiki nzima akidhani nimeanza kunywa. Lakini mimi ni fundi pikipiki hapa Moshi, na pikipiki niliyoitengeneza kwa mkono wangu siwezi kuifananisha na nyingine.

Kwanza uijue pikipiki yenyewe. Ilikuwa ya Kijapani, injini ya cc mia mbili hamsini tu, lakini ina silinda nne kama gari. Ndogo, kali, inalia kama nyigu waliochokozwa. Matoleo ya nyuma yalikuwa na taa moja ya mviringo. La mwisho likaja na taa mbili, kisha wakaacha kuzitengeneza. Yetu, mimi na kaka yangu Elia, ilikuwa ya taa mbili. Kaka akaiangusha, taa zikavunjika, na spea ndiyo hakuna. Nikahangaika mpaka nikapata taa moja ya toleo la zamani, nikaichomelea kishikio mwenyewe. Ikawa mwili wa toleo la mwisho, uso wa lile la nyuma. Niambie, duniani ziko ngapi za namna hiyo?

Kisha kaka akaiuza bila kuniambia, ikavuka mpaka. Nilikasirika, jamani! Siku chache baadaye akaja getini kwangu na jani la isale alilolifunga fundo. Kwetu Uchagani aliyekukosea akikuletea isale, hata kama amekuchomea nyumba, unalipokea na mambo yanaisha. Mama alikuwapo, akanisihi, "Mwanangu, isale halikataliwi." Mimi nikafunga geti. Kaka alisimama pale kwa muda mrefu na jani lake mkononi, halafu akaenda zake. Mwaka haukuisha akaugua, tukamzika kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba la ukoo, Machame.

Sasa sikia. Mwaka jana, saa kumi jioni, nilikuwa nashuka kutoka huko huko Machame kwa mteja. Ukungu ulikuwa mzito, hata migomba ya kando ya barabara siioni. Mbele yangu kuna mtu amesimama na pikipiki iliyozimika, helmeti kichwani, kioo amekishusha.

"Imenizimikia, dogo," akasema.

Mimi nina mvi. Nani tena wa kuniita dogo?

Nikaitazama pikipiki. Mwili wa toleo la mwisho, taa moja. Na kishikio kimechomelewa vibaya upande wa kushoto, maana siku zile nilikuwa bado najifunza.

Wewe ungekimbia? Mimi nilipiga magoti, nikainua tangi, nikafungua plagi. Niliogopa, sikatai, lakini niamini, furaha ilikuwa kubwa kuliko woga. Kwenye boksi la vifaa nilikuwa na plagi nne mpya za pikipiki ile, nimezitunza miaka yote hiyo na sikuwahi kumwambia mtu kwa nini. Nikazifunga. Akawasha, ikalia mlio wake ule ule, na mimi machozi yakanitoka.

Akavua glavu, akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa jani la isale lenye fundo. Akaninyooshea.

Mikono yangu ilikuwa imejaa oili. Isale ni kitu cha heshima, nami nilishalidharau mara moja. Nikamwambia, "Subiri kaka, nijifute kwanza." Niligeuka kuchukua kitambaa tu. Kugeuka tena, barabara tupu, na mlio unapotelea huko juu, upande wa kihambani.

Zile plagi mpya sinazo tena. Nne kuukuu nilizozifungua ziko hapa mezani kwangu, njoo uzione. Kila mwezi napanda Machame, nakaa kando ya kaburi lake na mikono nimeshaiosha. Haji mtu.

Wewe mwenye ndugu aliyesimama getini leo, nakuonya: usiseme subiri. Lipokee jani na oili yako mikononi.