Ndoo ya Pumba ya Bi Haruko

Usiku ule nililala na harufu ya pumba mkononi, na nilikuwa nimelia. Sioni haya kusema. Mtu mzima mimi, mjane, nina wajukuu, nililia kwa ajili ya ndoo.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya Bi Haruko, jirani yangu Mjapani. Alikuja huku kwetu kwenye mashamba ya mpunga na mumewe, mtaalamu wa mifereji. Mume akafariki, yeye akabaki. Ndani ya ndoo mlikuwa na pumba za mpunga zilizochachushwa kwa chumvi na maji. Unafukia humo tango au karoti, kesho yake unafukua achari ambayo sijapata kuila kwingine. Chachu alipewa na mama yake, akaja nayo toka kwao, ya kujaa ngumi moja tu. Sharti lake lilikuwa kwamba kila siku mkono uingie mpaka chini, ugeuze. Si mwiko wala kijiko. "Kila nyumba ladha yake," alikuwa akisema, "maana kila mkono una ladha yake."

Siku ya kwanza nilimcheka. Pumba, jamani! Huku kwetu pumba ni za kuku. Naye akacheka, akanikaribisha mezani: wali kwenye bakuli, supu ya soya, vipande vya tango, na chai ya kijani, chungu, bila hata chembe ya sukari. Nikamwuliza, "Bi Haruko, humu ndani kuna mgonjwa?" Kisha nikatafuna lile tango na wali wa moto. Lo! Chumvi, uchachu, na kitu kingine ambacho mpaka leo sikijui jina. Nikaomba wali tena. Nilipotaka kupumzika kidogo nikavisimamisha vijiti vyangu vya kulia katikati ya wali. Yeye akaacha kucheka. Akavichomoa taratibu, akavilaza.

"Kwetu hivyo anawekewa marehemu," akasema. "Ndicho chakula chake."

Tangu siku ile tulikula pamoja karibu kila asubuhi, vijiti vimelala. Ile chai niliizoea hadi yenye sukari ikawa inanichefua.

Alipofariki, mpwa wake alikuja akamsafirisha kwao. Hatukuachiwa hata kaburi la kupalilia. Mimi niliachiwa ndoo, na neno alilonipa akiwa kitandani: "Usiache ife, Mama Upendo." Nikaigeuza kila siku, kwenye mvua, kwenye homa. Hata hivyo ikaanza kuwa nyeusi na kunuka kama rangi ya kucha. Nikaongeza chumvi, nikatia pilipili, nikaleta pumba mpya kutoka mashineni. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi nikalala, na katika ndoto ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa jikoni kwake. Bi Haruko ameketi mezani, amejifunga ile kanga ya kijani niliyompa mimi. Hashangai kuniona, wala mimi sishangai. Moyo wangu unaruka kwa furaha, kwani najua kilichomleta: amekuja kuniambia dawa.

"Bi Haruko, ndoo yako inakufa."

Nazamisha mkono ndani ya ndoo, natoa tango, na halinuki ubaya wowote. Naonja kipande. Ni lenyewe! Ladha ile ile ya siku zile, mpaka machozi yananitoka. Namkatia vipande, nampakulia wali, namimina chai, kisha nalaza vijiti mbele yake vizuri kama alivyonifundisha.

Hali kitu.

Mara tuko shambani, kwenye tuta katikati ya majaruba, meza ni ile ile, maji yanapita chini ya miguu yetu. Wali bado unafuka mvuke. Namwambia, "Kula, kitapoa." Anaitazama chai, hainywi. Naona jinsi alivyokonda, mashavu yameingia ndani, anameza mate kama mtu aliyeshinda njaa. Nachukua kijiko nimlishe kama mtoto. Mdomo haufunguki. Nikapandwa na hasira.

"Jamani, Bi Haruko! Utakufa na njaa!"

Akaniangalia. Nami nikasikia nilichosema.

Kisha akatazama vijiti. Havigusi, anavitazama tu. Nikaelewa anataka visimame.

"Sivisimamishi," nikamwambia. "Nikivisimamisha, umekwenda."

"Mama Upendo," akasema kwa upole, "nina njaa tangu nilipokwenda."

Tumerudi jikoni. Nje jogoo wangu anawika. Navichukua vijiti, navisimamisha katikati ya wali. Bi Haruko anafumba macho, anauvuta ule mvuke, na mashavu yake yanajaa polepole. Ndivyo anavyokula, bila kugusa kitu. Niliendelea kumtazama mpaka wali ukapoa kabisa.

"Na ndoo?" nikauliza. "Nipe dawa yake."

"Hamna dawa. Mle ndani ni mimi. Nizike."

"Niachie hata ngumi moja," nikamwomba. "Wewe ulikuja na ngumi moja."

Akaushika mkono wangu, akaunusa, akaurudisha mapajani pangu. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilichimba shimo kando ya fensi, upande wa nyumba yake, nikazimwaga pumba zote. Mwishoni nilichota ngumi moja, nikainusa kwa matumaini. Rangi ya kucha. Nikaitupia shimoni pamoja na nyingine, nikafukia. Kisha nikapika wali, nikaweka bakuli juu ya udongo na vijiti vimesimama.

Mama Salome wa nyumba ya pili akachungulia. "Mama Upendo, unazika kuku?"

"Namzika jirani yetu."

Alianza kucheka, akaniona usoni, akaacha. "Pole, mwenzangu," akasema, akaingia ndani.

Sikupata nafuu yoyote. Watu husema ukishazika roho hutulia, lakini yangu haikutulia. Nilikaa na chai ile chungu mbele yangu, bila tango, bila mtu wa kumtania. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni kama kila siku. Kabla ya siku ile harufu ya pumba haikuwahi kunitoka, hata kanisani walikuwa wanakaa mbali nami, na Bi Haruko alikuwa akisema huo ndio mkono wa mwenye nyumba. Jioni nikainua kiganja nikanusa. Kilinukia sabuni.