Mtoto Mpole wa Mashine ya Kusaga

Saa tatu asubuhi mashine ya kusaga inanguruma, na ndani ya kibanda hiki cha mabati hakuna anayepoteza pumzi kuongea. Mteja anasugua vidole viwili: anataka unga laini. Mwendesha mashine, mwanamke mwembamba mwenye nyusi zilizojaa unga, anazungusha kidole hewani: haya, nitausaga mara ya pili. Kiganja kikinyanyuliwa, maana yake simama.

Juu ya magunia matupu ameketi mwanawe wa kiume, ana miaka miwili na ushei. Wateja walimbandika jina la Mpole tangu akiwa mgongoni, na mama yake akawa Mama Mpole.

"Nilijisifu, usiseme!" ananisimulia baada ya kuzima mashine. "Watu wananiambia, mwenzetu umejaliwa, mtoto halii, hasumbui. Nami nikavimba kichwa. Kumbe!"

Alirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Hulipwa kwa gunia. Asiposaga, hapati kitu. Hakuona wa kumwachia mtoto, basi akamfunga mgongoni akamshukuru Mungu.

Kila jioni alifika nyumbani masikio yanavuma. "Nilitaka kimya tu. Mume wangu akianza habari zake namwambia, baba, niache kwanza. Mtoto namwogesha kimya, namlisha kimya. Nikimtaka aje, nampungia mkono, anakuja. Nikasema, huyu ana akili!"

Akili anayo kweli. Lakini mama alishtuka siku alipokwenda kwa dada yake, mwenye mtoto wa rika hilo hilo. Dada alimuuliza mwanawe, "Taa iko wapi?" Mtoto akatazama juu.

"Nikamuuliza wangu hivyo hivyo. Akanitazama mikono."

Alipompeleka kliniki, muuguzi aligonga kijiko kwenye kikombe nyuma ya kisogo cha Mpole. Akageuka mara moja. "Masikio mazima, mama," akasema muuguzi. "Sasa niambie, huwa mnaongea naye nini?"

Mama Mpole akamweleza habari ya mashine na kimya cha nyumbani. Muuguzi hakumgombeza. Alimweleza kwamba mtoto huanza kuelewa maneno miezi mingi kabla ya kuyatamka, na huyaokota kwa watu wake, wakimvisha, wakimlisha, wakipiga soga. Hajachelewa kiasi cha kukata tamaa, ila aongeleshwe.

"Wanasema majuto ni mjukuu," anasema, akijipangusa unga na machozi kwa ncha ya kanga. "Yangu hayakungoja mjukuu, yamekuja na mtoto mwenyewe. Alikuwa karibu nami kuliko nguo yangu, na sikumwambia kitu. Hilo linaniuma, ndugu yangu. Linaniuma sana."

Tajiri wake, mwenye mashine, amekubali, kwa kununa, azime mashine kila adhuhuri apate kuongea na mtoto. Na kuanzia mwezi ujao Mpole atashinda kwa mama mkwe. "Yule mama hanyamazi hata akilala," anacheka. "Zamani nilimkimbia. Leo namuona dawa."

Sasa ni adhuhuri. Mama Mpole anakaa kwenye kigoda, anaikalia mikono yake mwenyewe isije ikamsemea. "Baba, njoo. Njoo kwa mama."

Mpole anamkazia macho. Anateremka magunia, anasogea hatua chache, anachungulia ubavuni kwa mama yake. Anatafuta mikono.

"Ninachotaka ni kimoja," mama ananiambia. "Nimwite nikiwa nyuma ya mlango, hanioni, na aje."

Mlangoni, mteja anagonga debe lake. "Jamani, mmefunga? Nina watoto wanangoja unga!"

Bila kufikiri, Mama Mpole anachomoa mkono na kunyanyua kiganja.

Mteja anaacha kugonga debe. Mpole naye, aliyekuwa ameanza kusogea tena, anasimama papo hapo, mguu mmoja mbele.

Mama yake anamwona. Taratibu anaurudisha mkono chini ya paja.

"Subiri kidogo, dada yangu," anamwambia mteja kwa mdomo. Kisha anamgeukia mwanawe. "Na wewe, baba. Njoo."