Nimemwaibisha mwanangu kwenye pool

Jamani, leo nimemkosea mwanangu mbele ya wenzake.

Tangu tushuke kutoka Nkoaranga hakuwa na rafiki hapa mjini Levolosi. Ndiyo kwanza amewapata hao wacheza pool ya mezani, kwenye kile kijumba cha tangu enzi za Mjerumani.

Nimepita mchana kumwita aje kula. Namkuta Elibariki kainama anapanga mipira, mwenzake kasimama tu na fimbo, anakunywa soda!

Roho ikaniuma. Nikapaza sauti, "We kijana, mwanangu si mtumishi wako! Panga mwenyewe!"

Nyie, wote wakanigeukia.

Yule kijana akasema taratibu, "Shikamoo mama. Hapa aliyefungwa ndiye anapanga. Asubuhi mimi nimempangia yeye."

Mwingine akadakia, "Eli, kumbe unatembea na mlinzi!"

Wakacheka. Mwanangu akaiacha mezani pembetatu ya kupangia mipira, akatoka bila kuniangalia.

Nikawaomba radhi. Halafu nikachukua ile pembetatu ya mbao, nikapanga mipira mwenyewe, maana aliyefungwa ni mimi.

Chakula kimepoa, hajarudi.

Wamama wenzangu, akiingia nianze na neno gani?