Kumwigiza Mtu Asiyesema

Babu yangu alipofariki kweli, mwalimu wa nidhamu alikataa kuamini. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshamuua babu huyohuyo mara mbili ili nipate ruhusa, mara ya kwanza kwa ajili ya fainali ya mpira, ya pili hata sikumbuki kwa ajili gani.

"Babu yako ana roho ngapi?" aliniuliza.

"Alikuwa mwanajeshi, mwalimu."

Hakucheka. Akampigia baba, akasikia vilio kwenye simu, akasaini karatasi bila kuniangalia. Nikapanda basi Mbeya, nikashuka Nyololo, nikamalizia na bodaboda katikati ya malori ya magogo yanayoenda kiwanda cha karatasi Mgololo, meno yakigongana kwa baridi.

Nyumbani nilimkuta mwenyekiti wa kitongoji kashika kipaza sauti. Alikuwa amekishika tangu asubuhi na hakuna aliyejua namna ya kumnyang'anya. Babu alikwenda vita vya Kagera, akarudi, akalima viazi, akalea watoto saba, na kuhusu vita hakuwahi kusema neno. Sasa mwenyekiti alikuwa anamsemea. Nilipofika, babu alikuwa ameangusha ndege moja. Nilipomaliza kunawa mikono zilikuwa mbili.

Mimi niliwahi kumuuliza mwenyewe. "Babu, uliua wangapi?"

Akaniangalia kitambo. "Funga mlango, baridi inaingia."

Basi, hiyo ndiyo historia ya vita niliyonayo.

Babu alifanya kazi kwa ukimya kama wengine wanavyofanya kwa jembe. Ukipanga kuni vibaya, hakukugombeza. Alikuja, akaweka mikono nyuma, akaziangalia kuni. Halafu akakuangalia wewe. Halafu kuni. Baada ya muda unajikuta unazipanga upya, na za jirani pia. Kila alfajiri yeye ndiye aliyewasha moto amchemshie bibi maji ya kuoga, na wanaume wa kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walimcheka eti jeshini alipewa cheo cha mke. Akawaangalia vilevile, mikono nyuma, mpaka wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Shida siku hiyo ilikuwa bibi. Alikaa uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, tangu jana yake hajala wala hajasema. Ana sukari, na dawa zake hazitaki tumbo tupu. Muuguzi wa zahanati alishasema asipokula mpaka jioni atapelekwa hospitali ya wilaya akalazwe, na mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Maana yake mume angezikwa mke hayupo. Mashangazi walimpelekea uji kwa zamu, ukarudi kwa zamu.

Shangazi mkubwa akanivuta jikoni. "Wewe si ndiye mtani wake? Kila siku mke wangu, mke wangu. Haya, kaongee na mkeo."

Kwetu mjukuu ni mtani wa babu na bibi, na msibani mtani ana kibali cha kumwigiza marehemu mbele za watu. Shuleni nimeshachapwa mara tatu kwa kipaji hichohicho. Lakini utamwigizaje mtu ambaye hakusema?

Nikachukua koti lake refu la jeshi nyuma ya mlango, nikalivaa. Likanifika vifundoni. Nikatokea uani, mikono nyuma, nikichechemea mguu wa kulia kama yeye, moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti, ambaye wakati huo alikuwa anasimulia jinsi risasi ilivyoingia kwenye goti la mguu huo. Nikasimama mbele yake. Nikamwangalia. Nikakiangalia kipaza sauti. Nikamwangalia tena.

"Risasi ikapita... ikapita hapa..." akasema mwenyekiti, sauti ikipungua yenyewe. Kina mama wakaanza kucheka chini ya kanga. Akakiweka kipaza sauti kwenye kiti kama mtu aliyeshikwa na kuku wa watu.

Nikageuka kwa bibi. Nikachukua bakuli la uji kwa shangazi, nikachuchumaa mbele yake, nikamwangalia. Wapi! Hapo nikaogopa kwelikweli. Koti lilikuwa na harufu yake, moshi na dawa ya viatu, na nilijua nikifungua mdomo nitalia, mchezo utaishia hapo.

"Goti lake lilikuwa halikunjiki hivyo," bibi akasema.

Akalisukuma goti langu kwa kidole.

"Hakuwahi kuchuchumaa yule. Alikuwa ananyoosha mguu kwanza, ndio anakaa. Na risasi gani? Alianguka kwenye paa la kanisa, anapigilia bati." Akamgeukia mwenyekiti. "Vitani alikuwa anapika, baba. Maharage. Ndiyo maana aliporudi hakutaka hata kuyaona. Hizo ndege aliziangusha na mwiko?"

Watu walicheka mpaka mchungaji akalazimika kukohoa. Nikanyoosha mguu wa kulia, nikakaa vibaya, uji ukayumba.

"Lete hapa! Utalimwagia koti la mwenzako. Mume gani wewe?"

Akanywa funda la kwanza. Akanywa la pili. La tatu akalitafuna, akakunja uso.

"Nani kapika uji wa mabonge hivi?"

Mashangazi watatu wakanyoosha vidole, kila mmoja kwa mwenzake. Bibi akawatazama wote, akasonya, akaendelea kunywa.