Sanduku la Barua la Bi Coral

Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, Bi Coral Pascoe hufungua mlango wa gereji yake, humkalisha mumewe kwenye kiti cha kushoto cha gari, kisha huliwasha. Gari haliendi popote. Hunguruma papo hapo kwa muda wa kuchemsha yai, na nyumba ya tatu kutoka kwake, vikombe vyetu hutetemeka kabatini. Kisha hulizima, na wawili hao huingia ndani kunywa chai. Wakati wote gari linaponguruma, mumewe, Mzee Des, huwa ameweka viganja vyote viwili juu ya dashibodi, kama mtu anayeota moto.

Hapa Wallaroo, mji wetu mdogo wa pwani ya Australia, tumezoea. Mtu akichelewa kazini husema leo hakumsikia Coral.

Gari lenyewe ni MGA la Kiingereza la mwaka 1959, la wazi, la viti viwili, rangi ya maziwa. Ilimchukua Mzee Des miaka kumi na mmoja kulifufua kutoka banda la kuku alikolikuta. Namba ya injini ililingana na ya bodi, vilevile kama lilivyotoka kiwandani, na kwa wanachama wa klabu yetu ya magari ya kale jambo hilo huheshimiwa kuliko ukoo wa mtu. Kisha Mzee Des akaanza kupoteza uwezo wa kusikia, kidogo kidogo, halafu wote. Akaacha kuja klabuni. Akaacha kwenda hata dukani. Kwa miaka sita hatukuliona gari lake.

Bi Coral alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka thelathini ndiye aliyeukandia mji huu unga wa mikate ya nyama na viazi, na mikono yake ina alama za tanuri hadi kwenye viwiko. Hakuwahi kushika spana hadi alipotimiza miaka sitini na minane. Najua, kwa sababu vitabu vya ufundi alivyoazima maktaba nilimgongea mhuri mimi.

Lakini sikujua alikuwa akifanya nini. Hakuna aliyejua, hadi Jumapili moja ya mwezi wa tatu, klabu ilipopanga magari yake kwenye uwanja wa mpira. Nilikuwepo, maana jarida la klabu naliandika mimi. Tulisikia muungurumo kabla hatujaona kitu.

"Nani kaja na lori?" mtu mmoja akauliza.

Likaingia lile gari dogo la rangi ya maziwa, Bi Coral kwenye usukani na Mzee Des kando yake, na watu wakaacha magari yao wakalisogelea. Boneti ilikuwa imekatwa tundu la ukubwa wa beseni. Ndani yake ilikaa injini ya silinda nane, iliyong'olewa kwenye pikapu ya Holden, na ili ienee, ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva ulikuwa umekatwa na kusukumwa nyuma, hivi kwamba Bi Coral aliendesha magoti yakigusa kidevu. Juu ya kabureta, kuzuia mvua, ilifunikwa trei ya kuokea nyama. Bado ilikuwa na weusi wa mafuta ya zamani kwenye pembe.

Noel Trezise, msajili wa klabu, aliyesoma darasa moja na Des, alilizunguka gari mara mbili, akaishia kwenye boneti.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Gari."

"Gari naliona. Nauliza hii hapa juu."

"Trei. Ilikuwa ya mama mkwe."

"Mama yake Des angefufuka angekuchapa nayo."

"Angeisugua kwanza," alisema Bi Coral.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliketi chini kwenye nyasi.

Huku kwetu gari la kale hutembea kwa namba za klabu. Msajili asipotia sahihi kwenye kitabu chake kila mwaka, halivuki geti. Noel alimpa Bi Coral hadi mwisho wa mwezi wa sita: airudishe injini ya asili, la sivyo namba zinatolewa. Lilikuwa jambo zito, na sote tulijua uzito wake. Tangu siku ile, kila Jumapili Bi Coral alimpeleka mumewe hadi gatini kutazama bahari, na hiyo ndiyo ilikuwa safari pekee ambayo Mzee Des hakuikataa.

Mwisho wa mwezi wa sita ulipofika, nilifuatana na Noel kubeba fomu ya kurudisha namba, endapo itahitajika. Hakwenda kwa ubaya. Alikuwa amekodi winchi na kuwapanga wanachama wanne wamalize kazi kwa Jumamosi moja, bure. Tulimkuta Bi Coral getini, mikono ina unga, Mzee Des akipalilia kando yake.

"Wewe tuonyeshe tu ile injini iliko, shemeji," alisema Noel, akiegemeza kiwiko kwenye sanduku la barua. "Mengine tuachie sisi."

"Umeiegemea."

Noel alicheka, kisha akaacha kucheka.

Sanduku la barua la akina Pascoe ni la bati, nalo limechomelewa juu ya nguzo nene ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe. Nimepita mbele yake kila siku kwa miaka miwili. Sikuwahi kutazama chini ya sanduku. Nguzo ile ilikuwa injini, imesimamishwa wima kwenye zege, na katika tundu za silinda zake yaliota maua mekundu.

Noel alipiga magoti. Alikwangua rangi kwa ukucha wa kidole gumba, na kabla kibati cha namba hakijaonekana chote alikuwa ameshaitaja namba yenyewe hadi mwisho, kwa kichwa. Akavua kofia. Nilidhani angelia, nami sikujua nitazame wapi.

"Nani kafanya hivi?"

"Des kachomelea. Mimi nilishika tu."

"Des mwenyewe? Injini hii?"

"Muulize."

Noel alimgeukia rafiki yake akapaza sauti, ingawa anajua fika kwamba haisaidii. "Des! Hii si injini yako?"

Mzee Des alimtazama midomo. Akalipigapiga sanduku kwa kiganja.

"Barua hazilowi," alisema.

Noel hakuweza kutia sahihi kwenye kitabu cha gari. Alisema mkono haumtii. Alitoa bisibisi akaigeuzageuza tu, na mwishowe Bi Coral aliichukua akazifungua namba mwenyewe, ya mbele na ya nyuma, akazifuta unga kwa aproni na kumkabidhi. Noel aliondoka bila kuaga, nami mbio nyuma yake. Ni nyumbani ndipo nilipoona kwamba Bi Coral hakuiwekea fomu saini.

Usiku ule niliwaza Jumapili ya kesho yake, na gati bila wao.

Asubuhi, saa moja na dakika kumi, vikombe vilitetemeka kabatini.

Nilichukua fomu nikaenda. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Gari lisilo na namba lilikuwa likinguruma, trei ya mama mkwe ikicheza juu ya boneti, na Mzee Des, macho ameyafumba, amebandika viganja kwenye dashibodi. Nilisubiri hadi Bi Coral alipozima. Alitia saini juu ya boneti yenye joto.

"Bi Coral," nikasema, "kwa nini uliitoa ile ya zamani?"

"Ile ilikuwa na sauti nzuri, mwanangu," alijibu. "Hii Des anaisikia."