Ngazi ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Manang Tiba, ndiyo dada Tiba kwa lugha yetu, mtunza maktaba wa sekondari yetu, hakuwahi kuuona mchezo wa kuigiza wa shule hata mmoja, ingawa kwa miaka thelathini hakuukosa hata mmoja. Alichokiona ni miguu. Alikaa chini ya jukwaa, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kichwa chake kwenye tundu lenye kifuniko cha mbao ili watazamaji wasimwone, tochi mkono huu, karatasi mkono ule. Mwigizaji akisahau maneno alivuta shali au kola, naye Manang Tiba akamnong'oneza. Basi, kazi ni hiyo. Akiifanya vizuri hakuna anayejua kama yupo. Akikohoa mara moja tu, mji huu, nyie acheni, utamtania mpaka Pasaka.

Siku za kawaida alipiga taipu stensili za Sellag, gazeti la wanafunzi, na kuzungusha mashine ya kurudufu kwa mkono. Wahariri walimwogopa kuliko mkuu wa shule. Ukimpelekea habari yenye jina la mtu lililokosewa herufi, anakuangalia juu ya miwani, anakurudishia karatasi yako, anaendelea kumenya kitunguu saumu chake. Unaondoka mwenyewe.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ni Meli ya Honolulu, alioutunga marehemu Maestro Anacleto Pagaduan, mwalimu wa lugha. Ni habari ya mama anayemuaga mwanawe anayekwenda Hawaii kukata miwa. Na hapa Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, ni nani asiye na mtu Hawaii? Baba yake Tiba mwenyewe alipanda meli hiyo Tiba akiwa na miaka sita, na mpaka leo hajashuka. Lakini kilichowaliza watu hasa ni maneno ya mama pale mwishoni, mwana akiwa ameshakanyaga ngazi ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo:

"Nenda. Usiku wenzangu watavuta ngazi zao juu kwa kuogopa wezi. Mimi yangu sitaivuta. Mwizi akipanda, na apande, atanikuta macho. Atajua nilidhani ni wewe."

Maneno haya mji mzima uliyajua. Mtu akienda kufanya kazi Taiwan au Saudia, mama yake anamwambia sokoni mbele za watu, "Haya, ngazi sitaivuta," na wauza samaki wote wanafuta machozi. Maestro alipofariki, mjane wake, Apo Rosenda, Apo ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, aliyachonga kwenye kaburi lake.

Sasa sikilizeni. Maneno yale hayakuwa ya Maestro.

Mwaka wa sitini na tisa, mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, msichana aliyekuwa mama alifika pale pa kuaga akavuta shali. Tiba akafunua ukurasa wa kumi na nne. Mweupe! Mashine ya kurudufu ilikuwa imemeza karatasi mbili kwa pamoja na ile ya chini ikatoka bila hata doa la wino. Juu, shali linavutwa tena, na tena. Tiba akafumba macho, akanong'ona maneno yaliyomjia, sentensi baada ya sentensi, na msichana akayasema. Watu wakalia. Maestro akabebwa juujuu kuizunguka plaza nzima, uwanja wa mji. Kesho yake alikuja maktaba, akaegemea meza akitazama dirishani, akasema, "Tiba, ukurasa wa kumi na nne upige upya. Kama ulivyosemwa." Akaondoka. Hawakulizungumza tena, yeye mpaka kufa kwake, Tiba mpaka mwaka huu wa jubilei ya shule.

Mwaka huu ndipo Jovelyn alipokuja na daftari. Jovelyn ndiye mhariri wa Sellag na ndiye pia aliyepewa kuigiza mama, maana shule yetu ni ndogo na mwenye mdomo hupewa kazi zote. Alikuwa ametafuta mswada wa Maestro ili auchapishe kwenye toleo la jubilei, na Apo Rosenda akamtolea kutoka sandukuni, umeandikwa kwa mkono wake Maestro, wino wa buluu.

"Manang, tazama hapa," akasema, akiweka kidole. "Mama anasema, 'Nenda, mwanangu, Mungu akuongoze.' Basi. Ngazi iko wapi?"

"Pengine aliongeza baadaye."

"Nimeshaangalia karatasi zake zote. Hamna. Manang, wewe ndiye ulikuwa kule chini. Yalitoka wapi?"

"Mtoto, mimi nasoma nilichopewa," akasema Manang Tiba, na mkono wake ukaendelea kumenya kitunguu ambacho kilishamenyeka kitambo.

"Basi Bwana Siazon ameshakata shauri," Jovelyn akasema kwa uchungu. Bwana Siazon ndiye mkuu wa shule. "Anasema ni jubilei, tunamheshimu Maestro, kwa hiyo yatasemwa na kuchapishwa yale aliyoyaandika mwenyewe. Ngazi inaondolewa. Na ikishaondolewa gazetini, mwakani nani ataikumbuka? Kama yupo anayejua, aseme sasa."

Akasimama akingoja. Huyu mtoto hakuwa mjinga.

Manang Tiba alirudi nyumbani hakula. Dinengdeng yake, mchuzi wa mboga na samaki, ikapoa mezani, paka akaifaidi. Akinyamaza, maneno yale yanakufa, na yeye aliyapenda kuliko kitu chochote duniani. Niseme ukweli, alikuwa pia na uchu kidogo wa kutajwa. Miaka thelathini shimoni si mchezo. Lakini akisema, je? Apo Rosenda ana miaka themanini na nne. Kila Jumapili anapelekwa kaburini, anapangusa herufi zile moja moja kwa leso yake ya mkononi. Nani atakwenda kumwambia kwamba anachopangusa miaka yote hiyo si cha mumewe? "Si mimi," Tiba akamwambia paka. Akaamua kufumba mdomo.

Siku ya jubilei mchezo ulianza saa tisa alasiri, kwa kuwa umeme wetu jioni hauaminiki. Manang Tiba akaingia mahali pake, mswada wa buluu mapajani. Apo Rosenda aliketishwa mstari wa kwanza na fimbo yake, karibu kabisa na tundu.

Mambo yakaenda vizuri. Mara mbili alinong'ona, mara mbili hakuna aliyetambua. Kisha mvulana akakanyaga ngazi na tochi ya Tiba ikaangukia, "Nenda, mwanangu, Mungu akuongoze."

Jovelyn akalisema, vizuri, kama lilivyoandikwa. Kisha hakutoka jukwaani kama alivyoelekezwa. Ile miguu yake mitupu ikaja hatua mbili mbele, ikasimama karibu na tundu. Manang Tiba akainua macho. Mtoto alikuwa akivuta shali.

Hujasahau, mshenzi wewe, Tiba akawaza. Shali likavutwa tena. Nyuma yake uwanja mzima, mji wote, ulikuwa ukiingoja ngazi. Akafungua kinywa, akakifunga. Alimfikiria bibi yule pale mbele, na herufi zake.

Fimbo ikagonga saruji mara tatu.

"Tiba!" Sauti ya Apo Rosenda ilikuwa nyembamba lakini ilifika mpaka kwa wauza empanada, sambusa zetu, kule getini. "Unangoja nini huko chini? Mpe mtoto ngazi yako!"

Yako. Alisema yako.

Manang Tiba alilia pale pale kwenye kreti, lakini kazi ni kazi, akanong'ona. "Nenda. Usiku wenzangu watavuta ngazi zao juu." Na Jovelyn akalisema kwa sauti, na lililofuata, na lililofuata. Nasikia Bwana Siazon aliinuka kwenye kiti chake, akawatazama watu, akaketi.

Baadaye Tiba alipotoka kule chini, magoti yote vumbi, alikwenda moja kwa moja kuushika mkono wa bibi kizee na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wazee.

"Apo, ulijua tangu lini?"

"Tangu usiku ule ule. Alikuja nyumbani akaniambia, 'Rosenda, binti wa maktaba amenishinda.' Hakulala."

"Na hukusema!"

"Nilimwambia aseme yeye. Akaahidi kila mwaka. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alipenda sifa huyo, we!" Akacheka mpaka akakohoa.

"Na kaburini je?"

"Ulitaka nichonge nini, jedwali la kuzidisha? Yalikuwa mazuri. Nimekuwa nikiyapangusa kwa ajili yenu nyote wawili."

Jovelyn alikuwa amesimama pembeni na daftari lake, rangi za uso zimemchuruzika kwa jasho. "Manang, basi naandika, 'Maneno ya ngazi yametungwa na Primitiva Agcaoili.' Jina lako kamili, Primitiva kwa v, siyo?"

"Usiandike hivyo."

"Manang! Baada ya yote haya?"

Manang Tiba alikaa kwenye kiti cha watazamaji, mara yake ya kwanza, akalitazama jukwaa. "Sikutunga," akasema. "Nilikuwa na miaka sita, nimelala kwenye mkeka karibu na mlango. Baba ameshashika ngazi, mama akamwambia hayo, kwa sauti ndogo ili tusiamke. Na hakuivuta ngazi ile hata usiku mmoja, mpaka tulipomtoa mle ndani kwa jeneza. Hakuna aliyewahi kumsikia ila mimi na baba, na baba alisahau."

Apo Rosenda akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Andika, maneno ni ya Eufemia Agcaoili," akasema Manang Tiba. "E, u, f. Ukikosea hata herufi moja, nakurudishia stensili yako."

"Na wewe nikuandike nani?"

"Mimi niandike mnong'onezi."

Ndivyo lilivyotoka gazeti, ukurasa wa kumi na nne, na jina la Eufemia halikukosewa hata herufi.