Mkono wa Koko na Nukta Nyeupe

Pip. Kimya kidogo. Pip. Niliusikia mlio huo kabla sijaiona mashine yenyewe, Jumapili iliyopita, nilipompeleka mwanangu kwenye maonyesho ya michezo ya video mjini. Nikaganda mlangoni hadi akanivuta mkono.

Walikuwa wameiweka mwanzoni kabisa, mahali pa mababu: kisanduku cha kahawia chenye vifundo viwili vya kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Kwenye kioo, nukta nyeupe ilikwenda na kurudi kati ya vijiti viwili. Hakuna rangi, hakuna watu, hakuna hadithi. "Är det allt?" aliuliza mwanangu kwa Kiswidi, yaani ni hayo tu? Ndiyo hayo tu, nikamjibu, na sisi yalitutosha majira ya baridi mazima.

Ya kwetu niliiokota Akalla, mtaa tuliohamia huku ugenini, kwenye chumba cha chini ya jengo ambako majirani walitupa vitu vikubwa. Hata wakati huo ilikuwa kikongwe; wenzangu darasani walikuwa na mashine zenye rangi na vita. Mama aliifuta vumbi, akainua kitambaa chake cha kufuma juu ya televisheni, akaichomeka, nayo ikaamka. Shida ni kwamba ilitaka watu wawili, na mchana nyumbani tulikuwa mimi na Koko, nyanya yangu.

Tangu tulipokuwa kwetu Uvira, kabla ya kuja huku, Koko ndiye aliyenisuka kila Jumamosi, hadi kiharusi kilipouchukua mkono wake wa kulia. Tangu hapo mama, akirudi hoi kutoka zamu ya usafi, alinifunga nywele fundo moja la haraka, na hivyo ndivyo nilivyokwenda shule, nikiona haya. Hospitalini walimpa Koko mpira laini wa kufinya. Aliutupa kwenye kikapu cha vitunguu.

"Mimi si mutoto wa kufinya mupira," alisema. "Mbele ya Pasaka nitakusuka, mimi mwenyewe."

Mama aliinamisha macho, akaendelea kumenya viazi.

Basi tukacheza. Nilimwambia atumie mkono mzima, akakataa. Aliunyanyua ule wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya kifundo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kijiti chake kilisimama tu, nukta ikapita. Nilimfunga, nikamfunga tena, na niwaambieni kweli, sikumhurumia hata chembe. Alipokunja uso nilimpiga kwa methali aliyonifunza mwenyewe: asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alinijibu neno moja la Kifaransa, la kutaka turudie tena.

"Encore."

Chai ilipoa, nje theluji ikashuka, na Koko bado: encore. Mwanzoni kijiti chake kilisogea kwa nguvu za bega, mwili mzima ukiyumba kitini. Baadaye kikatii kiwiko. Kisha alasiri moja nikaona vidole viwili, viwili tu, vikikizungusha kifundo wakati bega limetulia. Jambo hilo lilinikera sana.

Pasaka ilipokaribia, alinifunga. Nililia kwa hasira, nikasema mashine imeharibika. Koko hakucheka.

"Asiyekubali kushindwa si mushindani," alisema, akazima televisheni. "Leta kitana. Kuya, ikala hapa."

Nilikaa kati ya magoti yake nikiwa nimenuna, harufu ya mafuta ya nywele ikinijaa puani. Vidole vilitetemeka, vikaachia, vikashika tena. Kila aliponasa alisema neno lake lile lile kwa sauti ya chini. Tulimaliza mama alipokuwa akifungua mlango. Alisimama na koti lake mwilini, akalia bila kuficha.

Mistari ilikuwa imepinda vibaya. Kanisani, kule mtaa wa Jakobsberg, mama mmoja aliuliza kwa sauti ya huruma nani amemsuka huyu mtoto.

"Mimi," alisema Koko, akauweka mkono wa kulia juu ya kichwa changu mbele ya watu wote.

Wakati ule nilijua tu kwamba nimepokonywa ushindi. Mchezo na nywele, kwangu, vilikuwa mambo mawili. Mbele ya kile kisanduku mwanangu aliniuliza, kwa Kiswidi chake, nani alikuwa akishinda. Mimi, nikamwambia. Nilimshinda karibu kila siku, na kila nilipomshinda alizidi kukikaribia kichwa changu.